Chupa Isiyo na Mwenyewe

3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa kitandani kwa sababu kiti cha chumba hiki kina miguu mitatu ya kazi na mmoja wa mapambo. Mimi mzima kabisa. Mama kaniambia Bibi amefanyiwa upasuaji wa jicho. Mpe pole, na umwambie akishaona vizuri asianze kukosoa sura zetu. Simu sijakupigia kwa kuwa nakujua: ukishikilia simu unasema "haya, haya" mpaka mtu anachoka, na akikata hajui kama ulimsikia.

Chuo ni kizuri. Maabara yetu iko ghorofa ya kwanza, ina madirisha marefu na mabenchi sita, na mimi nimepewa benchi langu mwenyewe. Mwalimu anayenisimamia amekubali nifanye ule utafiti wangu wa rangi za vitambaa kutoka kwenye magome ya miti. Kila kitu kingekuwa sawa, isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni mtunza maabara. Mama wa makamo, mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Hana digrii wala diploma. Aliingia hapa kama mfagiaji miaka ishirini na sita iliyopita. Wanafunzi wanamwita Mama Lebo. Anajua, na wala hakereki. Kwake kila chupa lazima iandikwe kilichomo, tarehe, na jina la aliyekiweka. Hata chupa ya maji.

Mjomba, Jumatatu nilifika nikakuta rangi yangu haipo. Wiki tatu za kukamua magome, rangi nyekundu iliyokolea mpaka ukiitazama unaona raha. Nikamuuliza.

"Ilikuwa chupa yako?"

Nikasema ndiyo.

"Iliandikwa jina lako?"

Nikasema hapana.

"Basi haikuwa yako. Ilikuwa maji mekundu yasiyojulikana. Kisichojulikana hakilali humu. Kimekwenda kwenye dumu la taka."

"Mimi nilikuwa naijua," nikasema.

"Na kama jana ungegongwa na gari, nani mwingine angeijua?"

Nimekwenda kulia chooni. Usimwambie Mama. Wewe uliwahi kufanya kazi kwenye maabara ya kiwanda kabla hujaingia kwenye ufundi wa saa. Nishauri: mtu kama huyu anashughulikiwaje?

Wako,
Chiriku


21 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Bibi yako katolewa bendeji Jumanne. Kitu cha kwanza alichokiona ni utando wa buibui juu ya kabati, cha pili ni kola ya shati langu. Tangu hapo humu ndani hakukaliki. Mama yako hajambo. Mdogo wako amefaulu mtihani wa udereva alipojaribu mara ya tatu, na sasa anataka kumpeleka kila mtu mahali ambapo hana haja ya kwenda. Dukani kazi ipo. Watu siku hizi hawavai saa, ila saa za ukutani bado zinaanguka.

Pole kwa rangi yako. Wiki tatu si mchezo.

Lakini kwangu hutapata ulichokuja kutafuta. Huyo mama usimshughulikie. Mwamkie asubuhi, na uandike lebo.

Ile chupa yako ilikuwa ya aina gani? Ya maabara, au ya kitu kingine? Niambie tu.

Mjomba wako


12 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na shikamoo ya pili kwa Bibi na macho yake mapya. Huku hatujambo. Nimepata kiti kingine, tena chenye miguu minne.

Ilikuwa chupa ya jemu, kama kweli unataka kujua. Niliiosha vizuri. Sijui umeuliza kwa nini, lakini Mama Lebo naye aliuliza hivyo hivyo.

Nimeanza kumchungulia, Mjomba, kwanza kwa hasira, sasa hata sijui kwa nini. Anafika saa moja kabla ya mtu yeyote. Anatembea katikati ya mabenchi kutoka mlango wa mbele mpaka wa nyuma, mikono ameitanua kama anayepima kitambaa. Mkono ukigusa kitu, stuli au mkoba au boksi, kile kitu kinaondoka. Halafu anaufungua mlango wa nyuma, anatoka nje, anarudi, anaufunga. Mlango huo hautumiwi na mtu. Nikamuuliza kwa nini anausumbua kila siku.

"Siku nikiuhitaji," alisema, "sitaki kuanza kufahamiana nao."

Mwaka jana, naambiwa, watu wa ofisini waliweka maboksi ya viti vipya nyuma ya mlango ule. Hakugombana na mtu. Aliyabeba moja moja, akayapanga mbele ya mlango wa mkuu wa chuo mpaka mkuu akawa hawezi kutoka. Maboksi hayakurudi tena.

Stoo yake nayo ni somo. Mimi nilidhani kemikali zinapangwa kwa alfabeti, kama vitabu. Yeye anapanga kwa tabia. Asidi zina kabati lao chini, hakuna cha kuanguka kutoka juu. Vinavyowaka viko mbali na vinavyosaidia kuwaka. "Herufi hazijui kugombana," aliniambia, "hawa wanajua." Vyombo vya glasi anavishika kimoja kimoja dirishani, anapitisha kidole pembeni, na chenye ufa kinatupwa kwenye boksi hapo hapo, hata kama ni kipya, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele.

Sasa sikia la wiki iliyopita. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliona uvivu kuosha chupa ya maabara, akamimina asidi yake kwenye chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Mama Lebo akaiona. Hakupiga kelele. Alisimamisha kazi zote, akaipitisha chupa mbele ya kila mmoja wetu, na kila mmoja akaulizwa ni nini. Wote tukasema maji. Akachovya kipande cha karatasi ya litimasi, ile ya kupimia asidi, kikawa chekundu.

"Mtu mwenye kiu," alisema, "hatembei na litimasi."

Mjomba, wewe kazi ya maabara uliiacha kwa nini? Nyumbani mtu akiuliza, Mama anageuza mazungumzo.

Wako,
Chiriku


4 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari, nina malalamiko. Karibu miezi miwili hujanijibu. Mama anasema mwezi wa tatu duka lilifungwa siku tisa, na fundi cherehani wa jirani alikuona kupitia ufa wa mlango umekaa ndani na taa umezima. Bibi anakuuliza una nini, na wewe husemi.

Kama swali langu limekukosea, nisamehe. Sikuuliza kwa ubaya. Niandikie hata mistari miwili, hata ya kunigombeza.

Chiriku


19 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Hukunikosea. Nilikuwa na mafua makali, na duka nilifunga kulipaka rangi. Bibi yako hajambo, anakula, anasema. Mdogo wako aligonga nguzo ya geti, nguzo ndiyo iliyoumia.

Nimefurahi kusikia habari za huyo mama na mlango wake. Endelea kuniandikia habari zake. Nazisoma zaidi ya mara moja.

Swali lako nililiona. Usidhani sikuliona.

Mjomba wako


8 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Najua utasikia kwa Mama, basi bora usikie kwangu: maabara yetu ilishika moto Alhamisi, na sisi wote ni wazima.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Wanafunzi kumi na mmoja wa mwaka wa pili walikuwa kwenye mazoezi yao, mimi nilikuwemo, Mama Lebo alikuwa kwenye sinki. Kwenye benchi moja kulikuwa na bika, kile chombo cha glasi cha kuchemshia, lenye spiriti, juu ya jiko la umeme. Likapasuka. Spiriti ikamwagika kwenye jiko na juu ya benchi ikashika moto, moto wa bluu ambao kwa mwanga wa dirishani huuoni vizuri, unaona tu hewa inacheza. Msichana mmoja alikuwa karibu kuweka mkono wake pale.

Mama Lebo alisema maneno manne. "Mlango wa nyuma. Tembeeni." Sauti ile ile anayoagizia sabuni. Wakatembea. Mjomba, walitembea kweli, kama wanaotoka darasani, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kujikwaa, hata mkoba, na mlango ulipoguswa ulifunguka. Yeye wakati huo alishafika kwenye swichi kuu. Hakuitazama ilipo, mkono ulikwenda wenyewe. Umeme ukakatika. Blanketi la moto liko kwenye ndoano upande wa kulia wa kila benchi la pili, siku zote, na hatuachi kitu chochote mbele yake. Alilichomoa akalifunika jiko. Moto wa juu ya benchi ulitafuta kitu kingine cha kula ukakosa: hakuna karatasi, hakuna kitambaa, hakuna chupa nyingine. Dumu la lita tano la spiriti lililokuwa chini ya benchi lile alikuwa ameshalirudisha stoo asubuhi ile ile. Akapuliza unga wa mtungi wa kuzimia moto mara mbili, kukawa kimya.

Nilitazama saa ya ukutani baadaye. Haikufika dakika moja.

Mkuu wa chuo alikuja saa tano, akakuta madirisha wazi na sakafu imeshapigwa deki. Akauliza, "Moto wenyewe ulikuwa wapi?" Mama Lebo akamwonyesha doa jeusi la ukubwa wa sinia. Mkuu akasema, "Aa, kumbe mdogo," akaenda zake.

Nimelifikiria sana neno hilo. Mimi nilikuwepo. Moto ule haukuwa mdogo. Ulikuwa mkubwa, ila umenyimwa nafasi kwa miaka ishirini na sita.

Chiriku


16 Julai

Mpwa wangu mpenzi,

Barua yako imenifikia jana, leo nakujibu. Nimeshukuru kwamba u mzima, nimeshukuru mara nyingi kuliko nitakavyoandika hapa. Salamu za nyumbani nitazileta siku nyingine.

Mwandiko wako umelala kushoto na herufi zimeachana. Mimi kazi yangu ni kuangalia vitu vidogo. Umeandika kwa mkono gani?

Na jambo lingine. Umetaja saa, dakika, idadi ya wanafunzi, ndoano ya blanketi, hata doa umelipima kwa sinia. Halafu umeandika "kwenye benchi moja". Mabenchi yako sita. Hukusema la nani. Sikulaumu, Chiriku. Naifahamu sentensi ya namna hiyo kwa sababu niliwahi kuitumia, na nimeishi nayo miaka ishirini na miwili.

Uliuliza kwa nini niliacha. Kaa sasa kwenye kiti chako cha miguu minne.

Ilikuwa maabara ya kiwanda cha sabuni. Tulikuwa wawili kwenye benchi, mimi na mwenzangu tuliyemwita Kinanda, kwa sababu alikuwa na sauti ya kuimba ambayo mafundi wa mashine waliacha milango wazi kuisikiliza. Maabara yetu ilikuwa jalala. Sinki limejaa vyombo vya juzi, chupa sakafuni, magazeti ya michezo juu ya mizani. Tulijivunia ile fujo. Akija mgeni tunamwambia, unaona tulivyo na kazi.

Siku hiyo ilinibakia kostiki kali, ile ya kupikia sabuni, na hakukuwa na hata chupa moja safi. Nikaokota chupa tupu ya maji ya kunywa, nikaimimina humo, nikaiweka benchini. Kostiki haina rangi. Nikasema, nitaandika nikitoka kula. Ni kalamu tu, Chiriku. Ilikuwa mfukoni mwangu.

Kinanda alirudi kutoka kwenye mitambo, kuna joto kule, ana kiu. Nilikuwa mlangoni nikirudi. Nilimwona akiinua.

Alichofanya baada ya hapo siwezi kukuandikia. Alipona, lakini koo liliungua, na ile sauti haikurudi.

Wakaja wachunguzi. Wakaiweka ile chupa mezani, wakauliza, "Hii ya nani?" Haikuwa na jina. Nikajibu, "Ilikuwa kwenye benchi." Basi. Sikusema uongo hata neno moja. Wakaandika kwamba mfanyakazi alikunywa kitu ndani ya maabara kinyume cha kanuni, wakamwachisha kazi akiwa bado kitandani hospitali. Miezi miwili baadaye nikaacha mwenyewe. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nikajifunza saa, kwa sababu saa haimdhuru mtu.

Sikwenda kumwona. Mara moja nilifika kwenye geti la hospitali nikiwa na machungwa, nikakumbuka hawezi kuyala, nikageuka.

Ulipoandika habari ya mwanafunzi na chupa ya maji ndipo nilipofunga duka. Hakuna rangi iliyopakwa. Bibi yako anajua, alinusa akakosa harufu yake.

Huyo mama alimwaga rangi yako ya wiki tatu. Laiti mtu angekuwa ananimwagia mimi kila siku.

Sasa niambie benchi lilikuwa la nani.

Mjomba wako


2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama. Sijamwonyesha mtu.

Lilikuwa langu.

Lile bika niliona ufa wake tangu Jumatatu. Lilikuwa linanitosha sawasawa kwa kipimo changu, na mengine ya ukubwa ule yameisha, kwa hiyo nikalificha kwenye droo ili Mama Lebo asilipitishe dirishani. Na lile dumu la lita tano lilikuwa langu. Kanuni yake ni kuchukua spiriti ya kazi ya leo tu. Mimi nilichoka kupanda na kushuka stoo. Asubuhi ile alipolibeba nilimwambia, mbele ya wanafunzi, kwamba yeye kazi yake ni kutuchelewesha. Akaenda nalo. Saa mbili baadaye, Mjomba, lingekuwa kati ya miguu yangu.

Niliungua mkono wa kulia, vidole viwili na mgongo wa kiganja. Bendeji imetoka juzi. Barua ya moto niliiandika kwa kushoto nikidhani hutatambua. Mama bado hajui habari za mkono. Nitamwambia mwenyewe Jumapili.

Baada ya kukusoma nilimfuata Mama Lebo. Nilimkuta anafuta lebo za zamani. Nikasema, "Bika lilikuwa na ufa na nilijua." Hakushangaa. Alivuta droo yake akatoa kipande cha glasi. Akaniambia nitazame ukingo: sehemu ilikuwa na uchafu wa kahawia ndani yake, sehemu ni safi, inang'aa. "Uchafu hauingii kwenye ufa kwa dakika moja," alisema. Alikuwa anajua tangu siku ile alipofagia.

Kisha akatoa fomu ya ajali. Alishaijaza yote isipokuwa pale panapoandikwa chanzo. Akanipa kalamu.

Nikaandika nusu ukurasa kwa kidole kinachouma. Alipomaliza kuisoma alinisahihishia tarehe, akaiweka kwenye faili. Nikangoja anigombeze. Alisema, "Kosa la kwanza ni lako. La pili ni langu. Miaka yote hii nimekagua juu ya meza, sijawahi kufungua droo. Kuanzia sasa Ijumaa droo zote ziwe wazi." Na akaenda kuandika tangazo. Mimi nimesoma vyuo viwili, miaka mitano, na sijawahi kumwona mwalimu akijipa kosa kirahisi vile, kama mtu anayerudisha kikombe mahali pake.

Siku iliyofuata niliomba dakika tano kwa wale kumi na mmoja. Nikawaambia yote: ufa, droo, dumu, na nilivyomjibu. Halafu kijana mmoja wa nyuma, mwenye masihara kuliko wote, akafungua droo yake akatoa mabika mawili yenye ufa, akayapeleka kwenye boksi. Yule msichana aliyekaribia kuweka mkono akapeleka moja. Mpaka kengele inalia tulikuwa na vyombo kumi na tisa. Mama Lebo alivihesabu mara mbili. Akasema tu, "Sasa nitawaagizia vipya," lakini aliivua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Mjomba, na Kinanda? Yuko hai? Unajua anakaa wapi?

Wako,
Chiriku


20 Septemba

Mpwa wangu,

Nakusalimu, na mkono wako nausalimu peke yake. Bibi yako anataka umletee Mama Lebo aje akague jiko letu. Anasema hatimaye amepata mtu wa kuelewana naye. Mama yako ameshanifokea mimi kwa ajili ya moto wako. Nimeupokea.

Uliuliza kama najua anapokaa. Nimejua siku zote. Ni mji wa tatu kutoka hapa, mwendo wa saa nne kwa basi. Anatengeneza fremu za picha. Jumamosi iliyopita nilikwenda.

Karakana yake iko nyuma ya nyumba. Ukutani kila patasi imechorewa umbo lake kwa kalamu, ukiiondoa unabaki umbo tupu linalokudai. Sakafuni hakuna hata vumbi la mbao. Alikuwa anakata kioo na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza mstari. Nywele zimekuwa nyeupe. Alinitazama.

"Umezeeka," akasema. Sauti ni mnong'ono, kama karatasi inayokunjwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kuisikia hiyo sauti.

Nilikuwa na maneno niliyoyapanga ndani ya basi, yote yakapotea. Nikasema, "Ile chupa ilikuwa yangu."

"Tulikuwa wawili tu kwenye benchi," akasema. "Kama si mimi, angekuwa nani? Paka?"

Nikamuuliza mbona hakusema kwa wachunguzi. Akafuta kioo, akakilaza juu ya gunia. Akasema hawezi kusema maneno mengi kwa mara moja, kwa hiyo nisikilize. Wiki ile ile yeye alikuwa ameweka asidi kwenye chupa ya soda chini ya sinki, bila jina. Alipokuwa hospitali hilo ndilo lililomnyima usingizi: kwamba ipo pale na mtu ataipata. "Ingekuwa wewe," akasema. "Ilikuwa bahati tu ya nani ana kiu."

Kisha akasema, "Sitakudanganya. Nilikuchukia miaka mingi. Kwa chupa, hapana. Kwa kutokuja."

Mkewe alikuja mlangoni, akaniangalia, akajua mimi ni nani. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Alileta supu bakuli mbili, zote zimesagwa laini, yangu na ya Kinanda. Tukanywa pamoja. Yeye anakunywa taratibu sana, kijiko kwa kijiko, na anageuza uso kidogo akimeza.

Kiwanda kilishafungwa, hakuna ofisi ya kupelekea chochote. Hata hivyo nilikuwa nimeandika karatasi: siku, saa, kilichokuwemo, na jina langu lote, na kwamba yeye hakuwa na kosa. Nikampa. Aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaufunga kifungo.

Nikamweleza habari zako. Alitaka kujua kila kitu kuhusu huyo mama: anapangaje asidi, blanketi anatundika wapi, anafikaje kwenye swichi. Barua zako nilikuwa nazo. Nikamsomea ya moto, yote, ukutani patasi zimetulia na mkewe amesimama mlangoni na bakuli tupu mikononi. Nilipofika mwisho alikaa ameinamisha kichwa. Nikadhani amechoka, nikaanza kuikunja.

"Rudi," akasema. "Nisomee tena pale wanapotoka."

Nikarudi. Nikasoma taratibu, mama anasema maneno manne, njia ni nyeupe, mlango unaguswa na unafunguka. Kinanda alikuwa anawahesabu kwa vidole juu ya goti, mmoja mmoja, mpaka wakatoka wote kumi na mmoja.

Mjomba wako